Fainali ya Majengo na Kituku

Msimu ule ambao wasichana wa Majengo walifika fainali kwa mara ya kwanza, Kaswera alikuwa amekwisha kuzoea kushindwa. Alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya mtaa huo, mwanamke wa Kinande aliyekuja Goma kutoka Butembo akiwa bado msichana, mwenye sauti nene ya mtu aliyezoea kupigia watoto kelele katikati ya ngurumo za pikipiki. Mume wake, Kamate, alikuwa mfanyabiashara wa safari ndefu. Vita vilipofunga barabara ya Rutshuru, Kamate alikwama upande wa Butembo na mzigo wake wa maharagwe, na tangu hapo ndoa yao ikawa ya simu tu. Hawakujaliwa watoto. Timu ndiyo iliyomjazia Kaswera siku zake.

Mchezo wenyewe haukuwa mpira huu unaojulikana na kila mtu. Uliletwa na mtawa mmoja wa Ayalandi, Sista Una, aliyefika Goma mwaka ule wakimbizi wa Rwanda walipomiminika na kipindupindu kikawafyeka barabarani. Wenzake walirudi kwao. Yeye alibaki, akafundisha watoto mpira wa nchi yake. Unaushika kwa mikono, unaupiga kwa mguu, unakimbia nao hatua chache, halafu huna budi kuudundisha chini au kuugusa kwa ncha ya kiatu urudi mkononi. Magoli yake yana nguzo mbili ndefu na mti uliokatiza katikati: mpira ukipita juu ya mti ni pointi moja, ukiingia chini yake ni tatu. Watoto waliuita gaeliki. Kaswera aliucheza alipokuwa sekondari, na Sista alipozeeka akarudishwa kwao, Kaswera na wenzake waliendeleza mashindano ya ubingwa wa vijana, mtaa kwa mtaa: Himbi, Ndosho, Kituku, Majengo na wengine, kila Jumamosi tangu mvua za Septemba hadi mwisho wa Januari.

Majengo hawakuwa na sifa yoyote. Uwanja wao ulikuwa nyuma ya shule, juu ya mawe ya volkano ambayo Kaswera na wasichana wake waliyaokota kwa mikono likizo moja nzima, na bado kila mvua ilipopita, mawe mengine yalichomoza kana kwamba ardhi inayazaa. Anayeanguka pale huinuka na damu. Kapiteni, Henriette, alikuwa na makovu magotini yasiyohesabika. Alikuwa msichana mfupi, mwepesi, mwenye mdomo, na alifunga magoli mazuri, ila hakuwepo wa kumpatia mpira. Kila mpira wa juu uliishia kwa wapinzani.

Ndipo akaja Igihozo.

Shule ilikuwa imepokea watoto wa wakimbizi waliokuwa wakiishi chini ya mashitingi, yale maturubai ya msaada, pale Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji. Igihozo alikuwa mmoja wao. Yeye na mama yake, Mukabalisa, walikuwa wametoka Kiwanja, huko Rutshuru, wakati mapigano yalipofika kwao. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, mwenye viatu vya plastiki vya mama yake, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kinyarwanda iliyowafanya wenzake wacheke. Siku za kwanza alisimama pembeni. Siku Kaswera alipompanga katikati kwa sababu mwenzake alikuwa na homa, kipa wa upande wa pili alipiga mpira juu kabisa, wasichana wanne wakarundikana chini yake wakisukumana, na mikono ya Igihozo ikachomoza juu ya vichwa vyote, ikaushika ule mpira polepole, bila kishindo, akatua nao chini.

Kaswera alisahau kupuliza filimbi.

"Nani alikufundisha kushika vile?" alimuuliza baadaye.

"Papa," alijibu Igihozo. "Anapanda juu ya muti wa avoka, ananitupia moja moja. Ikianguka chini inapata kidonda, na kwa soko ya Kiwanja habanunue avoka ya kidonda."

"Na Papa iko wapi sasa?"

"Alibakia na shamba. Alisema atatufuata."

Watu wote wa Kanyaruchinya walikuwa na mtu aliyesema atafuata.

Tangu siku hiyo Majengo ikawa timu nyingine. Igihozo alishika mpira hewani, akamtafuta Henriette, na Henriette akamaliza kazi. Waliwapiga Ndosho kwao, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Wasichana hao wawili, ambao nje ya uwanja wangepita bila kusalimiana, walianza kwenda pamoja bombani na kuchekea mambo ambayo hakuna mwingine aliyeyaelewa. Kaka yake Henriette, Prodige, alikuwa motari, dereva wa pikipiki ya abiria, kijana mchangamfu asiyekosa mechi hata moja. Mechi ikiisha aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki yake, akampeleka Igihozo hadi karibu na kambi ndipo amrudishe dada yake nyumbani.

Nusu fainali ilikuwa dhidi ya Himbi, wasichana wenye viatu vya kweli na jezi za rangi moja. Mvua ilinyesha mchezo mzima. Dakika za mwisho Himbi walikuwa mbele kwa pointi mbili, na mwamuzi, Papa Théoneste, fundi cherehani ambaye ndiye aliyekuwa pia mwenyekiti wa ubingwa, alikuwa amekwisha kutazama saa yake. Kipa wa Majengo akapiga mpira mrefu. Igihozo akaruka na kuushika mbele ya wawili, akadundisha mara moja kwenye tope, mpira ukakataa kurudi juu, akauokota kwa ncha ya kiatu cha plastiki na kumtupia Henriette. Henriette hakulenga juu ya mti. Alipiga chini, pembeni mwa mguu wa kipa. Pointi tatu. Prodige aliingia uwanjani na pikipiki yake, Théoneste akimfukuza kwa filimbi, na wasichana wakalala kwenye tope wakipiga kelele kama watu waliochanganyikiwa.

Hiyo ilikuwa Januari mwanzoni. Wakati huo vita vilikuwa vimesogea: waasi, wengi wao wasemaji wa Kinyarwanda, walikuwa wakiukaribia mji. Kila asubuhi watu wa Majengo walisimama nje wakisikiliza milio kutoka upande wa Sake na upande wa Nyiragongo, wakibishana ni silaha gani, na kila jioni habari ilikuwa mbaya kuliko ya asubuhi.

Wazazi waliomba kumwona Kaswera. Walikuja wachache tu, wakakaa kwenye madawati ya watoto, na aliyesema alikuwa Micheline, mama yake Henriette na Prodige. Alikuwa mjane, muuzaji wa mashuka na nguo za mitumba sokoni, mtu aliyeheshimika, ambaye alikuwa amepoteza mume na ndugu wawili katika vita vilivyotangulia.

"Madamu, sisi hatukatae mupira," alisema. "Tunakataa ule mutoto wa kambi. Anatembea Majengo yote, anajua kila njia, anajua nani anakaa wapi. Na ndugu zake ndio wako kule porini wanatupigia mabomu."

"Mama Micheline, huyu mutoto alikimbia mabomu hayo hayo."

"Wanakimbia mbele, ndugu zao wanafuata nyuma. Tumeona mbele ya leo."

"Ana miaka kumi na ine."

"Hata wale waliomuua bwana yangu walikuwaka watoto."

Kaswera alimfahamu mume wa Micheline. Alikuwa amekaa kwenye matanga yake. Mwishowe alisema tu kwamba Igihozo atacheza. Micheline aliinuka, akafunga kitenge chake vizuri kiunoni.

"Basi wa kwangu hatacheza," alisema, akatoka, na wengine wakamfuata bila kumtazama mwalimu usoni.

Jumamosi iliyofuata Kaswera alifanya mazoezi bila kapiteni wake. Walikuwa wamekwisha kuanza kukimbia ilipofika pikipiki, na Henriette akashuka nyuma ya Prodige akiwa amefunga viatu vyake ndani ya mfuko wa unga.

"Mama iko soko," Prodige alisema, akicheka. "Nitamurudisha mbele ya Mama kufika. Madamu, weye haukutuona."

Kaswera alijua kwamba mtu mzima mwenye akili angewarudisha. Hakuwarudisha.

Fainali ilipangwa Jumapili ya mwisho ya Januari, Majengo dhidi ya Kituku, kwenye uwanja wa Majengo. Kituku walikuwa mabingwa, watoto wa wavuvi na wauza samaki, wenye mabega mapana ya kubeba na kupiga makasia. Théoneste alikuwa ameshona vitambaa vya kufunga kwenye kikombe, rangi za timu zote mbili, kwa kuwa hakujua kitakwenda kwa nani. Kaswera aliwaambia wasichana wale vizuri, walale mapema na wasigombane na mama zao.

Juma hilo watu walianza kushuka kutoka Kanyaruchinya. Mwanzoni walikuja wachache, na mizigo kichwani. Kisha barabara yote ikajaa: magodoro, mbuzi, wazee wakisukumwa juu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, watoto wakivuta watoto. Walilala makanisani, kwenye vibaraza, ndani ya madarasa. Masomo yakasimama. Madarasa yalipojaa, wakaingia uwanjani.

Alhamisi Kaswera alikwenda shuleni na ndoo ya majivu ya kuchorea mistari. Hakukuwa na mahali pa kuchora. Uwanja mzima ulikuwa moshi na sufuria, na upande wa barabara mwanamke mmoja aliyefunga mtoto mgongoni alikuwa akikata mguu wa nguzo ya goli kwa panga. Nguzo ya pili ilikuwa imekwisha kulala chini.

"Mama," Kaswera alisema, "ile ni goli."

"Ni nini?"

"Goli. Ya watoto kucheza. Siku ya Mungu tuko na fainali."

Mwanamke alimtazama bila hasira, kama mtu anayejaribu kuelewa lugha ya mgeni. Shitingi lake lilikuwa limekunjwa chini, jipya, halina miti ya kulisimamishia.

"Mvua inakuya," alisema.

Kaswera aliangalia mbingu. Ilikuwa kweli. Aliweka ndoo ya majivu chini, akaishika ile nguzo kwa mikono miwili ili isije kumwangukia mtoto, na mwanamke akaendelea kukata.

Jioni Théoneste alipiga simu akiuliza kama waihamishie mechi Kituku, na Kaswera akasema labda. Kesho yake akapiga tena: ufuoni mwa ziwa, Kituku, palikuwa pamejaa watu wanaogombania maboti ya kuvuka kwenda Bukavu, hata pa kukanyaga hapakuwepo. Jumamosi hakupiga simu, na hakuna aliyetaja tena mpira.

Igihozo na mama yake walifika kwa Kaswera Jumamosi hiyo alasiri. Mukabalisa alikuwa mwanamke mkimya mwenye uso mpana, aliyebeba sufuria, blanketi na Biblia. Alisimama mlangoni.

"Madamu, hatuna fasi ingine," alisema. "Ukitukataa tutaelewa."

"Ingieni," Kaswera alisema, na akamshika Igihozo mkono kumvuta ndani, kwa sababu jirani alikuwa amesimama dirishani akitazama.

Siku zilizofuata walizipitisha wakilala sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Nyumba ilikuwa ya mbao, na kila mmoja alijua kwamba ubao hauzuii kitu, lakini hakuna aliyelisema. Umeme ulikatika, kisha maji, kisha simu. Mabomu yalipita juu ya mabati yakivuma kama lori linalopanda mlima, na baada ya kila moja Mukabalisa alisema jina la Bikira Maria kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeitika salamu. Mara moja mlipuko ulikuwa karibu, masufuria yakaanguka, vumbi likajaa chumba. Kaswera alijilaza juu ya msichana. Hakuwaza. Alijikuta tu yuko juu yake, na moyo wa mtoto ukipiga chini ya kifua chake kama ngoma ndogo.

Kulipotulia, Igihozo akauliza, "Madamu, wale ba Kituku nabo wamelala chini?"

"Nabo."

"Na Henriette?"

"Henriette iko na kaka yake," Kaswera alisema. Halikuwa jibu, lakini lilimtosha mtoto.

Milio ilipopungua walitoka na kukinga maji ya mvua kwenye beseni. Mji ulikuwa umebadilisha mabwana: sasa ulikuwa mikononi mwa waasi. Askari wapya walisimama kwenye mizunguko ya barabara wakiwa na sare safi, na watu walipita pembeni, macho chini, wakiharakisha kwenda kuuliza nani amebaki na nani hayupo. Yalisikika mambo ambayo Kaswera hakutaka Igihozo ayasikie, na Igihozo aliyasikia yote.

Micheline alikuja asubuhi moja bila kubisha. Hakuwa na kitambaa kichwani. Alimpita Kaswera, akaenda moja kwa moja hadi pale Igihozo alipokuwa akichambua maharagwe, akapiga magoti.

"Mutoto wangu," alisema. "Mutoto wangu muzuri. Wamemubeba Prodige."

Maneno yalitoka vipande vipande. Prodige alikuwa ametoka kutafuta mafuta ya pikipiki. Penye mzunguko askari walisimamisha motari wote, wakawapandisha kwenye lori. Pikipiki ilikutwa imelala barabarani, ufunguo ukiwa bado mahali pake. Watu walisema vijana wamepelekwa katika kambi ya zamani ya jeshi, upande wa kiwanja cha ndege.

"Weye unasema luga yao," Micheline alimwambia Igihozo. "Ba ndugu zako watakusikia. Waambie ni kijana wa kazi, hajashika bunduki hata siku moja. Waambie mi niko mujane. Nilikusema vibaya, najua, unipige mangumi ukitaka, lakini uniombee kwa ba ndugu zako."

Igihozo alimtazama mama yake. Mukabalisa aliweka ungo chini.

"Mama Micheline," alisema, "kama tungekuwa na mtu mumoja tu kule, mi ningelala chini ya shitingi miaka mbili? Mutoto wangu angekula unga ya kuomba? Bwana yangu sijui kama ni muzima. Hatuna mtu kule. Hatuna mtu hata huku."

Micheline alibaki amepiga magoti. Hakuamini. Kaswera aliliona jambo hilo usoni mwake, kwamba hakuamini hata kidogo, alidhani wanamnyima.

Igihozo ndiye aliyesema, "Nitaenda."

Walikwenda wote wanne, Mukabalisa akiwa ameshika mkono wa binti yake njia nzima. Nje ya lango la kambi walikuta wanawake wengi wameketi kwenye mawe. Mlinzi alikuwa kijana, pengine sawa na Prodige kwa umri. Igihozo alimwendea peke yake. Walimwona akiinamisha kichwa, akisema kwa Kinyarwanda, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mlinzi akauliza kitu. Igihozo akajibu. Mlinzi akamwangalia kwa muda, kisha akawatazama wanawake, kisha akatikisa kichwa.

"Anasema yeye hamujue mutu wa jina ile," Igihozo aliporudi alieleza. "Anasema turudie kesho."

Walirudi kesho. Walirudi na kesho yake. Siku ya tatu mlinzi alikuwa mwingine, mtu mzima, naye hakutaka mazungumzo marefu: malori yalikuwa yameondoka alfajiri na vijana, kuelekea Rutshuru, kwenda kufundishwa kazi ya askari. Wanawake waliokuwa kwenye mawe walianza kulia. Micheline hakulia. Alimshika Igihozo begani.

"Siku ile ya kwanza, ulimwambia nini? Ulisema naye maneno mingi kwa luga yenu. Ulimwambia nini?"

"Aliniuliza Prodige ni nani yangu."

"Na weye ukasema?"

"Nilisema ni kaka yangu. Wa tumbo moja."

Mukabalisa alimvuta binti yake karibu. Kaswera naye alielewa hatari ambayo mtoto alikuwa amejitia ndani yake: sasa askari walimjua kama dada wa kijana waliyemkamata. Micheline aliliachia bega la msichana taratibu. Walirudi Majengo, na walipofika penye njia panda Micheline alishika njia ya kwake, akiwa bado kichwa wazi.

Baada ya hapo ikaja amri. Gari lilipita na kipaza sauti: usalama umerudi, makambi yamefungwa, wakimbizi wote warudi kwao ndani ya siku tatu. Kanyaruchinya yenyewe ilikuwa imekwisha kung'olewa, miti na mashitingi yamebebwa na kila aliyepita. Mukabalisa alianza kufunga blanketi.

"Mubakie," Kaswera alimwambia. "Nyumba hii ni ya mutu mumoja. Mutoto aendelee na masomo. Nitasema ni mutoto wa dada yangu."

"Nani ataamini? Angalia sura yake, angalia yako."

"Sitajali."

"Weye hautajali. Na jirani yako?" Mukabalisa alikaza fundo. "Mbele walisema sisi ni wa wale. Sasa wale watauliza juu ya nini tunakataa kurudi, kama hatuko wa adui. Nikikaa hapa nitakuletea shida, na wa kwangu shida. Na bwana yangu Havugimana kama iko muzima, iko kule. Madamu, umetufanyia vya kutosha. Usiniombe tena."

Kaswera alitaka kuomba tena. Lakini hakuwa na kitu cha kuahidi. Hakuwa na unga wa zaidi ya siku chache. Hakuwa na mume karibu. Mlango wake ulifungwa kwa waya. Alikwenda jikoni akachemsha viazi vya njiani, vyote vilivyokuwepo.

Malori yalipakia watu penye barabara kubwa. Henriette alikuja mbio, akapenya hadi kwenye gurudumu la nyuma, na Igihozo akainama kutoka juu. Kaswera alidhani watalia. Walianza kumsema kipa wa Kituku.

"Anaogopaka mpira ya chini," Henriette alisema. "Niliona kwa mechi ya Ndosho. Anafunga macho."

"Anafunga macho kweli?"

"Kabisa! Ungenipatia moja tu, moja ya chini—"

"Ningekupatia mbili."

Wakacheka. Micheline alikuwa amefika nyuma yao. Kaswera hakumwona akija. Alinyoosha mkono juu, akampa Igihozo picha ndogo ya pasipoti ya Prodige, ile iliyobaki alipotengenezewa leseni.

"Kule Rutshuru," alisema. "Ukipita fasi yenye wako. Umuangalie tu. Hata usimuite."

Igihozo aliipokea kwa mikono miwili na kuiweka ndani ya Biblia ya mama yake. Henriette alikuwa akisema kitu kingine kuhusu kipa yule, lori likanguruma, likaondoka kabla hajamaliza. Kaswera alikimbia nalo kidogo, hajui kwa nini, mkono ukiwa juu ya ubao wa nyuma, mpaka likamwacha.

Ubingwa haukumalizika. Théoneste alipopata mtandao alipiga simu kuuliza kama wagawane kikombe na Kituku, kila timu ikae nacho nusu mwaka. Kituku walibakiwa na wasichana sita. Wengine walivuka ziwa, na mmoja hakuna aliyejua habari zake. Kaswera alimwambia afanye anavyoona. Baadaye alisikia kwamba kikombe kiko kwa Théoneste bado, ndani ya gunia la vipande vya vitambaa, na hakuna aliyekwenda kukidai.

Shule ilifunguliwa. Henriette hakurudi uwanjani. Alimsaidia mama yake sokoni.

Mvua za Aprili zilikuwa zikinyesha Igihozo alipopiga simu, kwa simu ya mtu, akiharakisha. Nyumba yao Kiwanja haikuwa na mabati wala milango. Shambani kulikuwa na watu wengine waliosema ni lao. Baba yake hakuonekana. Wengine walisema alivuka kwenda Uganda, wengine hawakutaka kusema. Yeye na mama yake walilima maharagwe katika shamba la mtu mmoja, wakilipwa chakula. Masomo, hapana.

"Na miti ya avoka?" Kaswera aliuliza, kwa kuwa hakujua aulize nini.

"Iko. Lakini si yetu sasa."

"Na Prodige?"

"Nilionyesha picha kwa soko," Igihozo alisema. "Kwa bamama wenye kupikia askari. Mumoja akaenda kusema. Askari akakuya akaninyanganya, akaniambia nikiuliza tena nitajua. Mama amenikataza kutoka. Madamu, unisamehe. Umuambie Mama Micheline anisamehe."

"Hauna kosa. Unasikia? Igihozo? Hauna kosa lolote."

Simu ilikuwa imekatika. Alipojaribu kuirudia namba ile, mwanamume asiyemjua alipokea, akasema msichana ameondoka, na asipige tena.

Kaswera alikwenda sokoni siku hiyo hiyo. Micheline alimwona tangu mbali, akasimama nyuma ya meza yake ya mashuka.

"Amepiga?"

"Amepiga."

"Amemuona?"

Njia nzima Kaswera alikuwa akitafuta namna ya kulisema. Alikuwa amefikiria kusema kwamba bado wanatafuta, kwamba nchi ni kubwa, kwamba vijana wengine wamerudi. Mbele ya uso ule hakuweza hata moja.

"Hapana," alisema. "Hajamuona. Na hawezi kutafuta tena."

Micheline aliitikia kwa kichwa. Mteja alisimama, akauliza bei ya shuka la bluu, naye akamtajia. Mteja akaona ni ghali, akapita. Shuka lilikuwa limefunguliwa, likining'inia hadi kwenye tope. Micheline alishika pembe mbili, akahangaika nalo peke yake, na Kaswera akazunguka meza, akashika pembe zile nyingine, na wakalikunja pamoja.